Nakwenda Kuuamkia Mlima

Aprili ikiingia, na tena Oktoba, swali moja huzunguka Kariakoo, Eastleigh na Kikuubo miongoni mwa watu wanaoagiza mzigo kutoka Guangzhou. Mtu amelipa malipo ya awali ya mashine ya kufyatulia matofali au ya marobota ya vitambaa. Anamwandikia bosi wa kiwanda kwenye simu, anauliza mzigo utapakiwa lini. Jibu linakuja kwa Kichina, programu ya simu inalitafsiri, na mtu anabaki ameishika simu mkononi: "Kesho sipo. Nakwenda kuabudu mlima."

Hapo ndipo swali linapozaliwa. Wachina wanaabudu milima? Huyu bosi niliyemwona ofisini mwake amevaa shati safi, kompyuta tatu mezani, anapiga magoti mbele ya mawe? Wengine hulikuza swali: hivi Wachina wana dini gani hasa?

Sura hii inalijibu swali hilo la kwanza, lile la mlima. La pili nitaligusa tu, kwa sababu nimeona kwamba anayelielewa la kwanza hupunguza haraka ya kuliuliza la pili.

Mlima ulio ndani ya jiji

Anayeruka na Kenya Airways kutoka Nairobi au na Ethiopian kutoka Addis Ababa hukutana na mlima huu kabla hajauona. Uwanja wa ndege anaotua unaitwa Baiyun, na Baiyun ni jina la mlima. Maana yake ni Wingu Jeupe. Mvua zikipita, na hasa asubuhi za masika, ukungu hulala juu ya vilele vyake, na hapo jina halihitaji maelezo. Hadi Agosti 2004 uwanja wa ndege ulikuwa karibu kabisa na mlima wenyewe, upande wa Sanyuanli. Ulipohamishiwa kaskazini zaidi, jina lilihama nao.

Kilele cha juu kabisa cha Baiyun kina mita 382. Msomaji wa Lushoto atashangaa, maana mji wake wenyewe uko juu zaidi ya mara tatu ya hapo, na aliyekulia Marangu akitazama Kibo ataona hiki ni kichuguu. Ila Kichina hakitenganishi mlima na kilima kama tufanyavyo sisi. Neno ni moja, shan kwa Kichina cha taifa na saan kwa Kikantoni, lugha ya wenyeji wa Guangzhou. Kinachoupa mlima cheo chake si urefu. Mlima ni mahali mji ulipoegemeza mgongo.

Utazame mji huu kwenye ramani. Kaskazini kuna Baiyun na vilele vyake zaidi ya 30. Mguu wake wa mwisho unashuka hadi katikati ya jiji na kuitwa Yuexiu, kilima cha mita 70 hivi. Kusini kuna Mto wa Lulu. Mlima nyuma, maji mbele: ndivyo Wachina wa kusini wanavyotaka nyumba ikae, na ndivyo wanavyotaka kaburi likae. Elimu hiyo ya kuchagua mahali huitwa feng shui, maneno mawili yenye maana ya upepo na maji. Kwa lugha nyepesi ni imani kwamba mlima nyuma yako hukukinga na upepo mbaya, na maji mbele yako hukuletea riziki. Jiji lenye watu zaidi ya milioni 18, kwa sensa ya 2020, limekaa kama mzee kwenye kiti chenye egemeo.

Wafanyabiashara wetu wameishi miguuni pa mlima huo bila kuujua. Xiaobei, mtaa ambao Waafrika wengi hufikia, na jengo la Tianxiu walilolijaza kwa miaka mingi, viko upande wa mashariki wa kilima cha Yuexiu, mwendo wa miguu tu. Wengi wamenunua, wamelala na wamesali pale miaka kumi, na kule juu hawajawahi kupanda. Kule juu kuna mnara mwekundu wa ghorofa tano, Zhenhai, uliojengwa mwaka 1380. Kuna pia sanamu ya mbuzi watano iliyokamilika mwaka 1960. Wenyeji husimulia kwamba zamani za njaa walishuka watakatifu watano wamepanda mbuzi watano, kila mbuzi na masuke ya mpunga mdomoni. Watakatifu waliwapa watu mpunga, wakaondoka, na mbuzi wakageuka mawe. Ndiyo maana Guangzhou huitwa Mji wa Mbuzi.

Neno ambalo simu haikulielewa

Sasa turudi kwenye ule ujumbe. Bosi aliandika maneno mawili ya Kikantoni: baai saan. Simu ilitafsiri "kuabudu mlima", na kwa kamusi haikukosea. Kwa maisha ilikosea sana.

Tuanze na baai. Neno hili lina maana ya kuinama kwa heshima, viganja vimeunganishwa. Hutumika mbele ya sanamu hekaluni, ni kweli. Lakini mwaka mpya wa Kichina ukifika, watoto wakienda kwa bibi na babu kuwatakia heri, kitendo hicho huitwa baai nin, na hapo hakuna anayemwabudu bibi. Wanamwamkia. Kiswahili kina bahati ya kuwa na neno shikamoo, na aliyelelewa nalo anajua kuwa heshima ya mdogo kwa mkubwa inaweza kuwa na maneno yake na mwili wake bila kuwa ibada. Nikilazimika kutafsiri baai kwa neno moja, nitasema kuamkia.

Na saan, mlima? Katika mkoa wa Guangdong ardhi tambarare ilikuwa ya mpunga, na wafu walipelekwa mlimani. Kumzika mtu kukawa kumpandisha mlima, na kaburi lenyewe likachukua jina la mlima. Kwa hiyo mtu wa Guangzhou akisema anakwenda kuuamkia mlima, anasema kwamba anakwenda kumwamkia marehemu baba yake. Wachina wa mikoa mingine husema saomu, kufagia kaburi. Ziara ni ileile.

*Kwa kifupi: yule bosi hakwenda kuabudu mawe. Alikwenda kuzuru makaburi, kama watu wa Mombasa na Unguja wanavyozuru, ila makaburi yao yako mlimani na neno limebaki na mlima.*

Kalenda mbili katika nyumba moja

Ziara hizi zina misimu miwili. Ya kwanza ni Qingming, inayoangukia tarehe 4 au 5 Aprili, karibu siku 15 baada ya ile siku ya Machi ambayo usiku na mchana hulingana. Ya pili ni Chongyang, siku ya tisa ya mwezi wa tisa kwa kalenda ya Kichina. Hii ya pili huhamahama: mwaka 2023 iliangukia tarehe 23 Oktoba, mwaka 2024 tarehe 11, mwaka 2025 tarehe 29.

Msomaji wa pwani ataelewa haraka kuliko wengine. Wachina wanahesabu miezi kwa mwezi mwandamo, kama tunavyohesabu Rajabu na Shaabani. Lakini mkulima hawezi kupanda kwa mwezi mwandamo peke yake, maana utaachana na mvua. Kwa hiyo waliuweka pembeni mwaka wa jua, wakaugawa vituo 24, na Qingming ni kimojawapo. Kila baada ya miaka miwili au mitatu huongeza mwezi mzima ili kalenda ya mwezi isiachane mbali na majira. Waswahili nao walifanya jambo la jamaa moja. Walifunga Ramadhani kwa mwezi mwandamo, na kwa kilimo na safari za majahazi wakahesabu siku tangu Nairuzi, mwaka wa jua ambao Makunduchi bado wanaufungua kila Julai kwa Mwaka Kogwa.

Na tazama jinsi mambo yanavyokutana. Maonyesho ya Canton, soko kubwa la bidhaa linalofanyika Guangzhou tangu 1957, hufunguliwa Aprili na Oktoba. Watu wetu humiminika katika misimu ileile ambayo wenyeji wanapanda makaburini. Ndiyo maana wameliona jambo hili, na ndiyo maana wanauliza.

Asubuhi ya Qingming

Familia huamka mapema. Anayeendesha gari huenda kuwachukua wazee. Nyuma ya gari kuna fyekeo, ufagio, kopo dogo la rangi nyekundu na brashi, na vyakula: kuku mzima wa kuchemsha, kichwa kikiwa mahali pake, nyama ya nguruwe iliyochomwa hadi ngozi ikawa kama bisi, vitumbua vya kuokwa, machungwa, miwa. Kuna buli la chai na chupa ya pombe. Kuna vijiti vya udi, mishumaa, na marundo ya noti za karatasi ambazo benki yoyote ya duniani ingezikataa, kwa sababu ni za matumizi ya huko aliko marehemu.

Kaburi la zamani la Guangdong lina umbo la kiti chenye mikono miwili, mgongo umeegemea mlima na mbele pamefunguka. Kazi ya kwanza ni ya jasho. Nyasi za mwaka mzima hufyekwa, majani hufagiwa, na maandishi ya jiwe yaliyofifia hupakwa rangi upya, herufi kwa herufi. Mara nyingi kazi hiyo hupewa kijana mwenye mkono mtulivu, na akiifanya anasoma majina. Hivyo ndivyo mjukuu aliyezaliwa ghorofa ya 20 anavyojua jina la babu wa babu yake.

Kisha vyakula hupangwa. Vikombe vya chai na vya pombe huwekwa mbele ya jiwe, udi huwashwa, na kila mtu huinama mara tatu kwa kufuata umri, mkubwa akitangulia. Wengine husema kwa sauti: mtoto amefaulu, nyumba imekamilika, fulani anaumwa, mtusaidie. Noti huchomwa. Karatasi hubanwa kwa jiwe juu ya kaburi, alama kwamba huyu aliyelala hapa ana watu. Kaburi lisilo na karatasi Aprili humtia huzuni hata mpita njia.

Baada ya hapo wanakula. Wanakaa palepale kwenye nyasi zilizofyekwa, kuku anakatwa, miwa inamenywa, watoto wanacheza kati ya mawe. Mgeni aliyetarajia kilio hukuta mandari. Mimi sioni kosa lolote hapo. Chakula kimeandaliwa kwa ajili ya mtu aliyekipenda, na kukiacha kioze mlimani kungekuwa kumtia aibu mwenyeji.

Nyama ya babu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye moyo wa jambo.

Ukoo wa Kikantoni uliokuwa na mali ulikuwa na shamba la pamoja kwa jina la babu mwanzilishi. Kodi ya shamba hilo ilinunua nguruwe wa Qingming na wa Chongyang. Baada ya kumwamkia babu mlimani, nguruwe walikatwa na kila mwanaukoo alipewa fungu lake. Wakantoni wana usemi hadi leo, kwamba babu akigawa nguruwe kila mtu ana fungu. Fungu halikuwa kubwa, na halikukusudiwa kumshibisha mtu. Lilikuwa hesabu. Aliyepewa fungu alikuwa mtu wa ukoo, na aliyekosea vibaya hadi akanyimwa alijua kwamba amefutwa. Katika koo nyingi mafungu yalihesabiwa kwa wanaume, na watoto wa kike walibaki nje ya hesabu. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu uzuri wa mila hauondoi uchungu wa aliyeachwa nje yake.

Guangzhou ya leo imemeza vijiji vingi vizima, na baadhi ya koo zake zingali zina ukumbi wa mababu katikati ya maghorofa. Ukumbi maarufu kuliko yote ni wa ukoo wa Chen, uliokamilika mwaka 1894 kwa michango ya akina Chen wa wilaya 72. Sasa ni makumbusho, na mapaa yake yaliyojaa sanamu ndogo za watu na wanyama yanamtosha mgeni kwa nusu siku.

Nikisoma habari za mafungu ya nyama, akili yangu hurudi Kilimanjaro. Kila Desemba mabasi ya Moshi hujaa, nauli hugombaniwa, Dar es Salaam hupungukiwa na watu, na wanaobaki husema kwamba Wachaga wamekwenda kuhesabiwa. Neno hilo lilianza kama utani. Lakini sikiliza linasema nini. Mtu anarudi kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la ukoo wake, ambako babu zake wamezikwa palepale nyumbani. Mbege hunywewa, mbuzi huchinjwa, na kila sehemu ya nyama ina mwenyewe: hii ya mzee, hii ya mjomba, hii ya kina mama. Asiyefika miaka kadhaa huanza kuulizwa. Hesabu ni ileile, imefanywa kwenye miteremko ya mlima mwingine.

Kuna linalofanana zaidi ya hapo. Katika desturi ya zamani ya Guangdong, mtu hakuzikwa mara moja. Baada ya miaka kadhaa kaburi la kwanza lilifunguliwa, mifupa ikasafishwa mmojammoja, ikapangwa ndani ya mtungi wa udongo kwa utaratibu, miguu chini na fuvu juu, kama mtu aliyechutama. Mtungi huo huitwa mnara wa dhahabu. Baadaye ndipo ulipopelekwa kwenye kaburi la kudumu mlimani, mahali palipochaguliwa kwa feng shui. Wachaga wa zamani nao walifukua mabaki ya wazee wao baada ya muda na kulihifadhi fuvu chini ya masale, ule mmea ambao hadi leo hutumika kuombea msamaha. Hawa wawili hawakuwahi kukutana. Kila mmoja aliona kwa macho yake kwamba mzazi hamaliziki kwa siku moja ya mazishi.

Siku ya tisa ya mwezi wa tisa

Chongyang ina furaha zaidi kuliko Qingming, na Guangzhou nzima hushiriki, mwenye kaburi na asiye nalo.

Hadithi yake ni ya kijana aitwaye Huan Jing. Mwalimu wake alimwonya kwamba siku ya tisa ya mwezi wa tisa balaa litaingia nyumbani kwake, awapeleke watu wake mlimani, wafunge majani ya dawa mikononi na kunywa pombe ya maua ya krisanthemamu. Alitii. Waliporudi jioni wakakuta kuku, mbwa na ng'ombe wamekufa wote. Balaa lilikuja, likakuta watu hawapo. Tangu hapo watu hupanda juu siku hiyo.

Wakantoni wameongeza yao. Usiku wa kuamkia Chongyang, umati hupanda Baiyun ili alfajiri iwakute kileleni. Barabara za kuelekea mlimani hudhibitiwa, magari hayasogei karibu. Vijana huenda na marafiki, wazee huenda na wajukuu. Njiani huuzwa vipangaboi vya karatasi vya rangi, vile watoto wetu hukimbia navyo upepo ukivizungusha. Mtu hukiinua kileleni kipigwe na upepo wa mlima, kwa nia kwamba bahati yake nayo igeuke. Asubuhi utawaona wanarudi mjini kwenye treni, macho mekundu kwa usingizi, vipangaboi vimechomekwa kwenye mikoba.

Na asiye na mlima? Hula keki. Kwa Kichina neno la keki na neno la kuwa juu husikika sawa, gao. Anayekula keki ya Chongyang amepanda juu kwa ulimi. Namba tisa nayo husikika sawa na neno la kudumu siku nyingi, ndiyo maana siku hii imekuwa pia siku ya wazee. Sheria ya kuwalinda wazee iliyoanza kutumika Julai 2013 iliitambua rasmi hivyo.

Maji yanayoshuka

Mlima hauwaonyeshi watu wafu wao tu. Unawalisha pia. Alfajiri ya siku yoyote, wazee hupanda Baiyun na madumu matupu, wakashuka na maji ya chemchemi ya kupikia chai. Wanaoshindwa kwenda mbali hunyoosha viungo Yuexiu, hupiga kwa mguu kitenesi chenye manyoya, huimba opera ya Kikantoni chini ya miti.

Juu ya Baiyun chakula kinachosifiwa ni uji mzito wa soya, mweupe na laini kama maziwa mgando, unaokolezwa sukari. Wauzaji hutangaza kwanza maji, kwamba ni ya mlima. Chini ya mlima, mahali paitwapo Shahe, ndiko zilikotoka tambi pana za mchele ambazo leo hukaangwa katika mikahawa ya Kikantoni duniani kote. Jina lake kamili ni tambi za Shahe, na wenyeji watakuambia siri yake ya kwanza ilikuwa maji ya chemchemi ya Baiyun. Wanawake wetu wanaofunga marobota ya nguo wanalijua jina la Shahe vizuri sana kwa sababu ya masoko yake ya nguo za jumla. Watakapokula tambi pana wakisubiri mzigo, wajue wanakula jina la mtaa uleule.

Moto, majivu na sheria

Mila hii haikusimama. Tangu 1956 viongozi wa China walihimiza kuchoma maiti badala ya kuzika, ili ardhi ya kilimo isijae makaburi, na leo wafu wengi wa Guangzhou huwa majivu ndani ya vijumba vidogo vya ukutani kwenye makaburi ya serikali. Foleni za Qingming sasa ni za watu wanaotafuta namba ya kijumba. Kwa upande mwingine, serikali ileile iliifanya Qingming siku ya mapumziko ya taifa kuanzia 2008. Moto nao ni hofu ya kweli: noti zinazochomwa kwenye nyasi kavu zimewasha misitu, kwa hiyo sehemu nyingi za Guangdong huzuia moto mlimani na kuwaomba watu walete maua. Wengine hukubali, wengine hunung'unika kwamba baba hatumii maua kununulia kitu.

Kwa anayekwenda kununua mzigo, mambo matatu yanatosha:

- Usipange kupakia kontena tarehe 4 hadi 6 Aprili. Ofisi hufungwa, na familia nyingine huendelea kupanda makaburini hata wiki kadhaa baadaye.
- Chongyang si siku ya mapumziko ya taifa upande huo wa China, kwa hiyo maduka huwa wazi. Lakini mwenye duka anaweza kuwa mlimani na kijana aliyemwacha hana ruhusa ya kupunguza bei.
- Ukikaribishwa nyama baada ya ziara na wewe unakula halali, sema mapema na kwa upole. Jiji hili limeishi na Waislamu kwa karne nyingi na halitakushangaa.

Kaburi la mgeni

Karne hizo zina ushahidi wake, nao uko kwenye mwinuko pia. Magharibi kidogo ya kilima cha Yuexiu kuna makaburi ya zamani ya Waislamu, na katikati yake kaburi lenye kuba. Waislamu wa Guangzhou husimulia kwamba aliyelala pale ni Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume, aliyeleta Uislamu China. Wanahistoria huelekeza kaburi la Saad Madina, na mimi naona hoja yao ina nguvu. Lakini yeyote aliyezikwa pale, alikuwa mgeni aliyekuja kwa bahari, na mji ukampa mahali pazuri: mwinuko nyuma, miti juu, watu wa kumzuru.

Siku ya Ijumaa msikiti wa pembeni hufurika. Wahui na Wauyghur wa China, Waarabu, Wasomali, watu wa Zanzibar, wa Mombasa na wa Afrika Magharibi husali hadi nje chini ya miti. Baada ya sala wengine husogea kwenye kuba, husoma Fatiha, kisha hutoka kwenye nyama choma na mikate inayouzwa njiani.

Mifupa iliyokuwa njiani

Katika karne ya 19 maelfu ya wanaume wa Guangdong walivuka bahari kutafuta dhahabu, California, Australia na New Zealand. Waliokufa huko walizikwa huko, lakini kwa kuazimwa tu. Vyama vya watu wa nyumbani vilichangisha fedha, vikafukua mifupa baada ya miaka na kuirudisha, ikafika Hong Kong na kutoka hapo vijijini, ipande mlima wake. Anayewajua watu wetu wanavyopitisha mchango usiku kucha ili mwenzao aliyefia Guangzhou arudishwe akazikwe nyumbani hatahitaji kuelezwa kwa nini.

Mwaka 1902 meli iitwayo Ventnor iliondoka New Zealand na mabaki ya watu 499, wengi wao wakiwa watu wa Panyu, ambayo leo ni wilaya ya Guangzhou. Iligonga mwamba, ikasonga siku moja, na tarehe 28 Oktoba ikazama nje ya Hokianga. Familia zilizokuwa zimengoja miaka hazikupata kitu cha kuamkia.

Lakini baadhi ya mabaki yalielea hadi ufukweni. Wamaori wa pwani ile waliyaokota. Hawakujua ni ya nani, waliona tu ni ya watu, wakayazika katika ardhi yao na kuwasimulia watoto wao mahali yalipo. Zaidi ya miaka 100 baadaye, kizazi cha wale Wakantoni kilisikia habari hiyo, kikasafiri hadi kwenye vijiji vile kuwashukuru wenyeji na kuinama mbele ya makaburi.